Saa ya Joto: Kukadiria na Kusahihisha Makosa ya Vipimo katika Karakana za Bukavu

Mashine ya kukerezea chuma, ambayo kazi yake ni kuzungusha kipande huku kisu kikikinyoa hadi kipenyo kinachotakiwa, hutazamwa kama kitu kisichobadilika, na uzito wake huwafanya mafundi wengi wasadiki kwamba ikishafungwa sakafuni na kusawazishwa kwa pimamaji itabaki na umbo lile lile asubuhi na jioni. Dhana hiyo si sahihi, kwa sababu kila metali hutanuka inapopata joto na kusinyaa inapopoa, na mashine inayofanya kazi hujipasha joto yenyewe. Chuma cha pua chenye urefu wa mita moja hurefuka kwa mikroni 11 hadi 12 kila joto lake linapopanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chuma cha kusubu, ambacho ndicho hutengenezewa vitanda na vichwa vya mashine, hurefuka kwa mikroni 10 au 11. Bronzi kwa 17 au 18. Alumini kwa 23. Namba hizo huonekana ndogo mpaka ziwekwe kando ya kazi halisi. Shafti yenye kipenyo cha milimita 60, ikikerezwa ili beringi ikae juu yake kwa kipimo cha kubana kiasi ambacho vitabu vya uhandisi hukiita k6, inatakiwa iwe kati ya milimita 60.002 na 60.021, yaani fundi amepewa nafasi ya mikroni 19 tu. Shafti hiyo hiyo ikipimwa mara baada ya kunyolewa, ikiwa bado na joto la nyuzi 50, itakuwa imevimba kwa takribani mikroni 21 kuliko itakavyokuwa ikipoa hadi nyuzi 20. Nafasi yote aliyopewa fundi imekwisha kabla mashine yenyewe haijahesabiwa kosa lake.

Maandishi ya uhandisi wa mashine hutaja mara nyingi kwamba makosa yanayoletwa na joto ni asilimia 40 hadi 70 ya makosa yote ya vipimo katika kazi za usahihi. Kwa karakana za Bukavu, ambazo wenyeji huziita atelie kwa kufuata Kifaransa, takwimu hiyo inafaa kupokewa kwa tahadhari, kwa kuwa mashine ambayo reli zake zimelika kwa miaka mingi, au ambayo beringi zake zinacheza, ina makosa mengine yanayopaswa kuondolewa kwanza, na hakuna hesabu ya joto itakayoiponya. Ushauri unaotolewa hapa unaihusu mashine ambayo, ikipewa kazi ile ile mara tatu katika hali ile ile, hutoa vipimo vinavyokaribiana, lakini vipimo vya asubuhi vikakataa kulingana na vya mchana. Mashine ya namna hiyo haina ubovu. Inafuata saa yake ya joto, na saa hiyo inaweza kusomwa.

Kuhusu joto la hewa, Bukavu imebahatika kuliko miji mingi ya eneo hili. Vipimo vyote vya urefu duniani huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20, kiwango kilichokubaliwa na Kamati ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani mwaka 1931, baada ya miaka mingi ambapo mita ilifasiliwa kwa nyuzi sifuri huku Waingereza wakipima kwa nyuzi 62 za Farenhaiti, yaani takribani 16.7 za Selsiasi. Mji wa Bukavu, ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, una wastani wa joto unaokaribia nyuzi hizo hizo 20, jambo ambalo karakana ya Mombasa au Dar es Salaam haiwezi kulipata ila kwa kununua viyoyozi. Fundi wa Bukavu anayeacha kazi yake ipoe hadi joto la hewa ya kivulini amekaribia joto la marejeo bila kulipa chochote.

Bahati hiyo hata hivyo ina mipaka yake. Wastani huficha tofauti ya usiku na mchana, na katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, chuma kilichopoa usiku kucha chini ya paa la mabati huwa baridi kuliko hewa kwa saa kadhaa za asubuhi, kisha mabati hayo hayo huanza kumwaga joto juu ya kichwa cha mashine jua linapopanda. Aidha, mwinuko wa mita 1,500 hupunguza uzito wa hewa kwa takribani sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya mota za umeme huchukulia kwamba mota itatumika chini ya mita 1,000, na juu ya hapo mzigo wake, au joto la hewa inayoizunguka, hupaswa kuangaliwa upya. Umeme unaposhuka volti, mota iliyobebeshwa mzigo ule ule huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto zaidi, na joto hilo hupita kwenye mikanda, gia na mafuta hadi mwilini mwa mashine.

Ni muhimu fundi ajue joto linazaliwa wapi, kwa sababu kila chanzo husogeza sehemu yake na kwa mwelekeo wake. Chanzo kikuu katika mashine ya kukerezea ni kichwa chake, yaani lile sanduku la gia lenye mhimili mkuu unaozungusha kazi, ambamo beringi husuguana na mafuta huvurugwa. Kichwa kinapopata joto huupandisha mhimili juu na kuusogeza pembeni, na hapa pana tofauti ambayo wanafunzi wengi wa ufundi hawafundishwi vya kutosha. Mhimili ukipanda juu kwa mikroni 20 wakati kisu kinaingia kwa ubavu, kipenyo cha shafti ya milimita 60 hakibadiliki kwa kiasi kinachoweza kupimwa, kwa sababu ncha ya kisu imeteleza tu kando ya duara. Mhimili ukisogea pembeni kwa mikroni 10, ukikikimbia kisu, nusukipenyo huongezeka kwa mikroni 10 na kipenyo kwa 20. Kwa hiyo anayepima kupanda kwa kichwa na kushtuka amepima upande usio na madhara makubwa, na anayetaka kujua hatari iliko apime msogeo wa ulalo, katika mstari ule ule kisu kinamoingilia.

Shafti ndefu inayoshikiliwa kati ya vichwa viwili huonyesha tatizo hilo kwa njia nyingine. Kichwa cha mbele hupata joto, kichwa cha nyuma hubaki baridi kwa kuwa hakina gia wala mota, na mstari unaoviunganisha hupinda kidogo kuhusiana na reli. Matokeo yake ni shafti yenye umbo la koni, nene upande mmoja kuliko mwingine. Mafundi wengi hulirekebisha kosa hilo kwa kusogeza kichwa cha nyuma, na jioni hiyo hupata shafti iliyonyooka, lakini kesho yake asubuhi, mashine ikiwa baridi, koni hurudi ikiwa imegeuka upande. Kichwa cha nyuma hulaumiwa bure. Kilichosahihishwa ni hali ya saa kumi jioni, kisha kikatumiwa saa mbili asubuhi.

Katika mashine ya freza, ambamo kisu ndicho huzunguka na kazi hufungwa mezani, joto la mhimili mkuu huurefusha kuelekea chini, hivyo mifereji hutoka na kina kikubwa kuliko kilichoagizwa. Nguzo inayobeba mhimili huleta shida ya pili, kwani ikipata joto upande mmoja hupinda kama ubao ulioachwa juani: nguzo ya chuma cha kusubu yenye urefu wa mita moja na unene wa sentimita 40, ikiwa upande wake mmoja una joto la nyuzi mbili tu zaidi ya ule mwingine, husogeza kilele chake kwa takribani mikroni 27. Nyuzi mbili hupatikana kirahisi kwa dirisha la mashariki lililo wazi saa tatu asubuhi, na kwa sababu hiyo pazia la turubai lenye bei ndogo mara nyingine huifaa karakana kuliko kifaa cha kupimia cha bei kubwa.

Mashine zinazoongozwa na kompyuta, maarufu kwa herufi CNC, zina chanzo kingine, nacho ni parafujo ya gololi, yaani nondo ndefu yenye nyuzi ambamo gololi za chuma huviringika na kuisogeza meza. Kompyuta huhesabu mizunguko ya parafujo na kuamini kwamba kila mzunguko ni urefu ule ule, ilhali msuguano wa gololi huipasha joto nondo na kuirefusha. Parafujo ya milimita 800 iliyoshikwa upande mmoja, ikipanda joto kwa nyuzi 6, itakuwa imerefuka kwa karibu mikroni 58 kwenye ncha yake ya mbali, na skrini haitaonyesha kosa lolote. Mashine zenye rula ya kioo inayosoma nafasi ya meza yenyewe huepuka sehemu kubwa ya kosa hilo, na anayetaka kununua mashine iliyotumika ana sababu nzuri ya kuuliza kama rula hiyo ipo na kama bado inafanya kazi.

Vyanzo hivi vya joto hupatikana katika karakana yoyote duniani. Linaloitofautisha Bukavu zaidi ni umeme. Mji hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mto Ruzizi, ambao hutoka Ziwa Kivu, kupitia bwawa la Ruzizi ya kwanza lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na lenye uwezo wa takribani megawati 30, na Ruzizi ya pili iliyoanza mwaka 1989 ikiwa na takribani megawati 44, ambayo umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kukatwa kwa umeme kwa zamu, kunakojulikana na wote kwa jina la delestaji, ni sehemu ya ratiba ya kazi katika komuni za Ibanda, Kadutu na Bagira. Vitabu vya ufundi, ambavyo vimeandikwa kwa viwanda visivyozimika, humwambia fundi aipashe mashine joto asubuhi kisha afanye kazi mpaka jioni katika hali tulivu. Kwa Bukavu hali hiyo tulivu huvunjika mara mbili au tatu kwa siku, na swali linalobaki bila jibu vitabuni ni mashine iko wapi katika safari yake ya joto pale umeme unaporudi.

Jibu lake hupatikana kwa kuelewa namna joto linavyopanda. Mashine inayowashwa ikiwa baridi haipandi joto kwa mwendo mmoja. Huanza kwa kasi, kisha hupungua kasi kadiri inavyokaribia kikomo chake, yaani hali ambamo joto linalozaliwa ni sawa na joto linalopotea hewani. Muda ambao mashine hutumia kufika asilimia 63 ya kikomo hicho huweza kuitwa muda-tabia wake, na ukijulikana huo, mengine yote hufuata: baada ya muda-tabia mmoja hubaki asilimia 37 ya safari, baada ya miwili hubaki takribani 14, baada ya mitatu hubaki 5. Umeme unapokatika safari hurudi nyuma kwa sheria ile ile, isipokuwa kupoa huwa na muda-tabia wake, ambao kwa kawaida ni mrefu zaidi, kwa kuwa mhimili uliosimama haupepei hewa wala hauzungushi mafuta.

Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu, mashine ya kukerezea ambayo msogeo wake wa ulalo hufika kikomo cha mikroni 24, yenye muda-tabia wa dakika 50 inapopata joto na dakika 80 inapopoa. Mashine hiyo imefanya kazi tangu asubuhi na imefika kikomo. Umeme unakatika kwa dakika 25. Katika muda huo msogeo hushuka kutoka mikroni 24 hadi 17.6. Umeme ukirudi na mashine ikafanya kazi kwa dakika 20, msogeo utakuwa umepanda tena hadi 19.7. Fundi anayedhani kwamba mashine bado ina joto lake lote atakosea kwa mikroni 4.3 pembeni, yaani karibu 9 kwenye kipenyo, kosa ambalo kazi nyingi zinaweza kulivumilia. Yule anayedhani kwamba mashine imeanza upya kama asubuhi, na hivyo akatumia masahihisho ya dakika 20 za baridi, atahesabu msogeo wa mikroni 7.9 na kukosea kwa karibu 24 kwenye kipenyo, na shafti yake ya k6 itakuwa imetupwa. Kwa maneno mengine, delestaji fupi hairudishi mashine mwanzo, na wasiwasi wa kuanza kila kitu upya baada ya kila kukatika unaweza kuharibu kazi kuliko kukatika kwenyewe.

Namba za mfano huo haziwezi kuhamishwa kwenye mashine nyingine. Kila mashine ina zake, na njia ya kuzipata haihitaji maabara. Fundi hufunga kwenye mandreni, yaani kile kibano cha mhimili mkuu, nondo fupi ya chuma iliyonyolewa na kulainishwa mahali pale pale, kisha huweka saa ya kupimia, kile kifaa chenye mshale ambacho waliosoma kwa Kifaransa hukiita komparateri, kwenye kibeba-kisu, ncha yake ikigusa nondo kwa ulalo. Mashine huwashwa ikiwa imelala usiku kucha, kwa mwendo wa mzunguko unaotumika zaidi katika kazi za kila siku. Kila baada ya dakika kumi husimamishwa kwa muda mfupi, mandreni hugeuzwa kwa mkono hadi alama ile ile, na mshale husomwa. Kusoma kwenye alama moja ni lazima, kwa sababu nondo isiyozunguka sawasawa ingehesabiwa kuwa ni joto. Pamoja na msogeo huandikwa joto la kichwa karibu na beringi ya mbele, joto la kitanda, joto la hewa na saa. Zoezi huendelea kwa saa nne au mpaka namba zisimame, kisha mashine huzimwa na vipimo huendelea kuchukuliwa ikipoa, na sehemu hii ya pili, ambayo hurukwa na wengi kwa sababu ya uchovu, kwa Bukavu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Siku ya delestaji haifai kulaaniwa na anayefanya zoezi hili, kwa kuwa inampa kipimo cha kupoa bila kuzima chochote.

Kuhusu vipimajoto, vile vya bunduki vinavyosoma kwa mbali hudanganya vikielekezwa kwenye chuma kinachong'aa, ambacho hurudisha joto la vitu vingine kama kioo kinavyorudisha sura. Kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme kikibandikwa mahali pa kupimia na kuachwa hapo siku zote huondoa sehemu kubwa ya udanganyifu huo. Kipimajoto cha kugusa, kikiwekewa tone la grisi ili kishikane vizuri na chuma, ni bora zaidi.

Namba zikishachorwa kwenye grafu, msogeo ukiwa wima na muda ukiwa mlalo, kikomo huonekana kwa macho, na muda-tabia husomwa pale mstari unapokata asilimia 63 ya kikomo hicho. Inafaa pia kuchora grafu ya pili, ya msogeo dhidi ya tofauti kati ya joto la kichwa na joto la kitanda, kwa maana mara nyingi nukta zake hukaribia mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo, mikroni ngapi kwa kila nyuzi moja, ndio ufunguo wa utabiri: siku ambayo umeme umekatika mara nne na hakuna aliyekumbuka saa, kipimajoto kimoja kwenye utepe mweusi kitaeleza mashine iko wapi. Ikiwa nukta za kupanda na za kushuka hazilali kwenye mstari mmoja bali zimefanya kitanzi, basi mahali pa kupimia hapajachaguliwa vizuri, na kipimajoto kisogezwe karibu zaidi na sehemu inayosogea au mbali kidogo na beringi mpaka kitanzi kijifunge. Wanaotumia kompyuta huvutiwa kuweka vihisi kumi na kutafuta mlinganyo mrefu, na mlinganyo huo huafikiana ajabu na siku ulipotengenezwa, kisha hushindwa wiki inayofuata mvua inaponyesha. Vihisi viwili vilivyowekwa kwa kufikiri hutosha karakana nyingi.

Utabiri hauna faida usipobadilisha namna ya kufanya kazi, na masahihisho ya kwanza hayahitaji namba. Kazi ya mchana ipangwe ili ukataji mzito wa awali, ule wa kuondoa maranda mengi ya chuma, ufanyike mashine inapopanda joto, asubuhi na baada ya kila delestaji, na ukataji mwembamba wa mwisho usubiri hadi muda-tabia miwili ipite. Ikiwa kuna shafti sita za kukereza, ni busara kuzinyoa zote kwa ukataji wa awali, kuziacha zipoe kwa pamoja, kisha kuzimalizia moja baada ya nyingine katika kipindi kimoja cha umeme, badala ya kuanza na kumaliza kila moja peke yake. Utaratibu huu humchosha fundi kwa kufunga na kufungua, lakini shafti sita hutoka zikifanana. Asubuhi mashine izungushwe bila kazi kwa mwendo utakaotumika, si kwa mwendo wa pole unaohurumia beringi, kwa kuwa joto la mwendo wa mizunguko 300 kwa dakika si joto la mizunguko 900.

Masahihisho ya pili ni ya namba, nayo yana kanuni moja inayosahaulika. Kinachomhusu fundi si msogeo wote wa mashine tangu iwashwe bali ni tofauti kati ya msogeo wa wakati alipogusisha kisu na kuweka sifuri, na msogeo wa wakati anapokata kipimo cha mwisho. Aliyeweka sifuri msogeo ukiwa mikroni 8 na kukata ukiwa 20 anapaswa kusahihisha 12, sio 20. Kwa hiyo sifuri iwekwe upya kila inapowezekana muda mfupi kabla ya ukataji wa mwisho, na hapo hesabu hupungua karibu kutoweka. Pasipowezekana, tofauti isomwe kwenye grafu na iingizwe, kwa gurudumu lenye alama katika mashine ya kawaida au katika jedwali la visu la mashine ya kompyuta. Mwelekeo wa alama ya kujumlisha na kutoa uhakikishwe kwa kipande cha majaribio, maana masahihisho yaliyogeuzwa huongeza kosa maradufu.

Jenereta huzusha swali la fedha zaidi kuliko la ufundi. Kuiendesha ili mashine isipoe kabisa ni ghali, na hesabu iliyotangulia inaonyesha kwamba kwa kukatika kwa nusu saa hakuna haja. Inapofaa kuwashwa ni pale umeme unapokatika katikati ya ukataji wa mwisho wa kipande chenye thamani, kwa kuwa kipande kilichoachwa nusu kitamaliziwa na mashine yenye umbo jingine, na alama ya makutano haitafutika.

Kipande chenyewe kinadai uangalifu sawa na mashine. Maji ya kupozea, yaani mchanganyiko mweupe wa maji na mafuta unaomwagwa kwenye kisu, huondoa joto la kukata, lakini tangi lake dogo likitumika saa nzima hupata joto nalo, na kuanzia hapo huipasha kazi badala ya kuipoza. Tangi kubwa zaidi, likiwa kivulini, ni masahihisho ya bei nafuu. Alumini haina msamaha: kipande cha milimita 200 kilichopimwa kikiwa na nyuzi 45 kitapungua kwa mikroni 115 kikipoa hadi 20, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kiasi ambacho hata kalipa ya kawaida hukiona. Maikromita, au palmeri, isishikwe mkononi kwa muda mrefu, kwa kuwa fremu yake hutanuka kwa joto la kiganja. Iwekwe pamoja na kipande kwenye bamba zito la chuma, kivulini, na kipande cha kurekebishia kikae hapo hapo, ili vyote vitatu viwe na joto moja. Vikiwa vyote ni vya chuma cha pua na vina joto moja, hata kama joto hilo ni nyuzi 23, makosa yake hufutana. Fundi anayeharakisha kwa kutumbukiza shafti kwenye ndoo ya maji ya bomba amepoza ngozi ya shafti tu; kiini kinabaki na joto, na kipimo kinachosomwa dakika hiyo si cha shafti ya moto wala ya baridi.

Linabaki suala la mahali kazi inapokwenda. Barabara inayoshuka kutoka Bukavu kwenda Uvira hutelemka kutoka mita 1,500 hadi chini ya mita 800, kwenye ukanda wa Ziwa Tanganyika ambako mchana joto hufika nyuzi 30, na shafti iliyokerezwa katika ubaridi wa Bukavu itafungwa na kuzunguka katika hali nyingine. Shafti ya chuma cha pua ndani ya nyumba ya chuma cha kusubu haitaleta ugomvi mkubwa, kwa kuwa vyote viwili hutanuka kwa viwango vinavyokaribiana. Shafti ya boti inayopita ndani ya bushi ya bronzi iliyobanwa ndani ya nyumba ya chuma ni habari tofauti, kwani bronzi hutaka kutanuka zaidi, chuma kinachoizunguka huizuia isiende nje, na sehemu ya mtanuko wake huelekea ndani, ikila mwanya uliotengwa kwa mafuta. Kazi ya namna hiyo inapopokewa, joto la mahali itakapotumika na metali ya kipande kitakachokutana nayo viandikwe kwenye karatasi ya oda pamoja na kipenyo, kabla mandreni haijafungwa.